Anahitajika wa Kujitolea Kungoja

Usiku wa jana niliota redio yetu inanitangaza, tena bila kuniomba ruhusa.

Humo ndotoni ilikuwa asubuhi, nami nimekaa jikoni nachambua maharage. Redio iko juu ya kinu, mahali ambapo haikai hata siku moja. Ikakohoa kidogo, ikasema: "Huu ni wakati wa habari na fursa za kujitolea katika jamii. Fursa ya kwanza. Anahitajika mama mmoja, mkazi wa kijiji hiki, mwenye magoti mazima na subira ya kutosha, kwa kazi ya kujitolea kungoja. Mama huyo kwa sasa anachambua maharage."

Nikatazama ungo. Nikatazama redio.

"Kungoja nini?" nikauliza.

"Mgeni rasmi," redio ikasema. "Mwombaji afike ofisini na magoti yake."

"Mimi sina nafasi ya kungoja. Wifi yangu yuko ng'ambo ya mto, mimba imeshatimia, na daraja halipo."

"Hiyo si habari," redio ikasema. "Hiyo ni shida. Shida zinasomwa Jumatano."

Hapa niseme kwanza mambo ya kweli, yasiyo ya ndotoni, ili mtu asidhani nimeghadhibika bure. Daraja letu la Mto Vumbwe lilichukuliwa na maji ya masika. Ng'ambo kuna kaya chache, mojawapo ni ya mdogo wangu Singano. Yeye yuko kazini huko kwenye mashamba ya mkonge, na mkewe, Mwajabu, amebaki peke yake na tumbo lake. Zahanati iko upande wetu. Zamani neno kama hili tungelimaliza kwa msaragambo: baragumu linalia alfajiri, kila kaya inatoa mtu, asiye na jembe anakuja na panga, na kazi inaisha kabla jua halijawa kali. Halafu yule aliyepuliza baragumu ndiye anayepika makande ya watu wote. Ndiyo desturi yetu, na ndiyo maana hapulizi mtu kwa mchezo.

Baragumu lenyewe liko kwetu. Ni pembe ya tandala aliyoiacha marehemu baba, imetundikwa juu ya meko na imekuwa nyeusi kwa masizi. Lakini Singano hayupo wa kulipuliza, na mwanamke hajawahi kulipuliza.

Mbao tulishapasua. Kila kaya ilitoa mti, mimi nilitoa mkaratusi wangu wa nyuma ya nyumba, mbao zikalala kando ya mto zikisubiri misumari tu. Ndipo ikaja Wiki ya Kujitolea ya kata. Mratibu wake, Bwana Mahimbo, alizikuta mbao zetu, akazipenda, akazifunga utepe wa buluu. Akasema zitalazwa siku ya uzinduzi, mbele ya mgeni rasmi. Siku ikasogezwa. Ikasogezwa tena. Na sisi, kwa adabu zetu za kijinga, tukaona utepe wa mtu haukatwi. Watu wazima na akili zao wakawa wanapandisha nguo wanavuka maji huku mbao zipo pale pale, zimepambwa. Jana nilimfuata Bwana Mahimbo kumweleza habari za Mwajabu. Akanijibu kwa upole sana, "Mama Hoza, mambo haya yana utaratibu." Nilirudi nyumbani nimevimba kama andazi, nikalala bila kula. Kwa hiyo ndoto hii haikutoka hewani.

Basi, redio iliponiambia shida zinasomwa Jumatano, niliinuka niende zangu mtoni. Nafungua mlango wa jikoni, natokea ofisini.

Ni chumba kirefu chenye benchi moja la waombaji. Kwenye benchi kuna mwombaji mmoja tu, baragumu letu, limekaa wima na limejipaka mafuta juu ya masizi. Nyuma ya meza zimekaa fulana tatu. Hazina watu ndani. Zimekunja mikono yao mitupu, na kila moja imeandikwa kifuani NAJITOLEA.

"Jina," ikasema fulana ya kati, ambayo ndiyo mwenyekiti.

"Baragumu."

"Nafasi unayoomba?"

"Kuhamasisha jamii."

"Uzoefu?"

"Nimelia walipoingia nzige," likasema baragumu. "Nimelia msitu uliposhika moto. Nimelia likijengwa daraja la kwanza, na la pili pia."

"Una cheti?"

"Nina ufa. Nilianguka siku ya mazishi ya mwenye nyumba."

Fulana zikainamiana zikanong'ona. Kisha ya kati ikasema, "Tunashukuru kwa kuonyesha nia. Nafasi hii inamtaka mwenye uzoefu wa kujitolea katika taasisi inayojitolea. Wewe umekuwa ukilia tu, hukuwa unajitolea. Jaribu tena mwakani."

"Mwakani mto utakuwa umejaa," likasema baragumu.

"Vizuri. Utakuwa umepata uzoefu wa mafuriko."

Nilishindwa kuvumilia. Nikasema, "Jamani, hilo ni la baba yangu. Kila njia mnayopita kuja hapa, hilo ndilo lililoita watu wakaichimba."

"Undugu hauruhusiwi kwenye usaili," ikasema fulana ya kushoto. "Anayefuata."

Anayefuata ni mimi. Baragumu likateremka benchini, likapita pembeni yangu limejiinamia, na mlango ukafungwa nyuma yake.

"Unajitolea nini?" wakaniuliza.

Nikawaambia kwamba mimi sikuja kwa tangazo la kungoja. Nina nguvu zangu na nyundo ya jirani, nataka nikalaze mbao, basi.

"Nguvu," ikasema fulana ya kati kwa furaha. "Tunapokea nguvu. Zipimwe."

Wakaniweka kwenye mizani ile ya kupimia mahindi. Nikasikia mabega yanalegea. Nguvu zangu zikatoka taratibu, rangi yake kama uji wa ulezi, zikamiminika kwenye gunia, gunia likashonwa mdomo likaandikwa jina langu. Nilipojaribu kufunga kanga yangu vizuri, vidole vikashindwa fundo.

"Zinapelekwa wapi?" nikauliza.

"Ghalani."

Wakanionyesha ghala. Sijawahi kuona kitu cha kunichefua namna ile. Nguvu za kijiji chetu kizima zimepangwa humo mpaka kwenye bati. Pale nguvu za Mzee Hiza mpasua mbao, gunia linatikisika lenyewe. Hapa nguvu za akina mama wa ng'ambo, bado zina moto wa kubeba ndoo. Za vijana ziko chini kabisa, hazijaguswa muda mrefu, zimeota ukungu. Na tunalaumiwa kila mkutano kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu.

"Mnazihifadhi za nini?" nikauliza. "Kazi si ipo?"

"Ipo," ikasema fulana ya kulia, ambayo mpaka hapo haikuwa imesema. "Lakini ikifanyika sasa, mgeni rasmi atakuja kuzindua nini?"

Swali lenyewe lilikuwa la kipumbavu na lilikuwa limevaa vizuri. Wakanivika fulana. Ilinibana. Nikasema ni ndogo, wakaniambia fulana zote ni saizi moja, kinachorekebishwa ni mtu. Wakanipunguza mabega kwa mkasi, haikuuma, lakini niliona si heshima.

Bwana Mahimbo mwenyewe akatokea kutoka nyuma ya magunia, amebeba kamera na jembe jipya lenye bei bado imebandikwa.

"Mama Hoza, karibu sana. Shika jembe hili nikupige picha. Lisiguse udongo tu."

"Jembe lisiguse udongo?"

"Litachafuka kabla ya uzinduzi."

Nikalishika. Mwanga wa kamera ukanipiga usoni, nikafumba macho. Nafumbua, niko kando ya mto.

Kumejengwa maturubai. Kuna viti vya plastiki kwa watu na kochi moja kubwa lenye vitambaa vya kufuma, halijakaliwa. Mbao zetu ziko pale pale na utepe wao. Na mto umesimama. Haukukauka, umesimama tu, maji yamejipanga mistari na kila wimbi limevaa fulana.

"Na wewe unangoja?" nikauliza mto.

"Nimeambiwa nisipite kabla ya itifaki," mto ukasema.

"Basi kama umesimama, ngoja nivuke nimchukue wifi yangu."

"Kina changu ni kile kile, mama. Nimesimama, sikupungua. Na kukanyagwa hakumo kwenye ratiba."

Kipaza sauti kikalia juu ya mti: "Wananchi wote mnaombwa mtulie. Kuku asitage, chungu kisichemke, mgonjwa asizidiwe, mpaka mgeni rasmi awasili."

Kila kitu kikatii. Kuku aliyekuwa anataga karibu na maturubai akabaki amechuchumaa, yai nusu ndani nusu nje, anatazama mbele kwa adabu. Watu waliokaa vitini wakaanza kushika matumbo, mmoja baada ya mwingine, wanayaminya kwa maumivu. Nikamuuliza wa karibu ana nini, akasema hajala kitu kibaya, ni ngoja ngoja tu, huumiza matumbo. Akasema hivyo kama mtu anayetaja jina la ugonjwa wa kawaida.

Ng'ambo, juu ya jiwe, amekaa Mwajabu, mikono kiunoni.

"Wifi!" nikamwita.

"Abee, wifi."

"Vipi huko?"

"Uchungu umekuja," akasema. "Ila wameuambia ungoje."

Ndipo nikauona. Uchungu umekaa pembeni yake kwenye kiti cha plastiki, umekunja nne, unatazama maturubai. Hata uchungu wenyewe ulionekana kuona haya.

Halafu nikasikia sauti nyingine, ndogo, inatoka tumboni mwa Mwajabu na kuvuka maji yote yale bila shida.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Huko nje kuna sherehe gani?"

"Hakuna sherehe," nikasema. "Kuna utepe."

"Unaliwa?"

"Hauliwi."

"Sasa mbona watu wote wamesimama?"

Nimeulizwa maswali na watoto wengi, na mengi nimeyajibu kwa kumtuma mtoto maji. Hilo lilinichoma. Nikasimama pale na mabega yangu yaliyopunguzwa.

"Shangazi, nitoke au ningoje?" akauliza tena. "Humu panabana na hewa inapungua. Niambie mapema."

"Usingoje," nikasema. "Nakuja."

Nikaenda kwenye mbao. Nikashika ya juu, ile ya mkaratusi wangu, naijua kwa jicho lake. Nikainua. Haikutikisika, nguvu zangu zimo guniani. Nilikuwa nashindwa hata kuinua fulana niliyovaa.

"Mama," ubao ukasema, "nimelalia upande mmoja mpaka naanza kupinda. Nikichelewa zaidi sitafaa daraja, nitafaa kuni."

"Nimesikia, mwanangu."

Bwana Mahimbo akanigusa bega kwa kidole. "Mama Hoza, tunaomba usizungumze na walengwa kabla ya hotuba. Subira huvuta heri."

"Subira haivuti mbao, Bwana Mahimbo."

"Mgeni rasmi yuko njiani."

Na kweli magari yanakuja. Yanakuja mengi, meusi, yanapiga honi kwa adabu, yanageuza kwenye kiwanja cha shule ambacho kwa kawaida kiko mbali na mto lakini leo kimesogea kutazama. Watu wote wanasimama. Mlango wa gari la katikati unafunguliwa, na anayeteremka si mtu. Ni suti ya kijivu iliyopigwa pasi vizuri, na juu ya kola hakuna uso, kuna sauti tu, laini, ya mtu aliyesoma.

"Itifaki imezingatiwa," ikasema sauti. "Mimi ni Udhuru. Nimetumwa na mgeni rasmi kumwakilisha, kwa kuwa amebanwa na majukumu."

Watu wakapiga makofi. Nawaapia walipiga makofi, na matumbo yao yanauma vile vile. Udhuru ukapelekwa kwenye kochi, ukapewa maji ya chupa, ukaletewa kuku wa kukaanga, ukamla. Sijui ulimla na nini, lakini mifupa niliiona kwenye sahani. Ulipomaliza ukasimama ukahutubia.

"Ndugu wananchi, kujitolea ni moyo."

Papo hapo fulana zile tatu zikapita katikati ya viti na beseni, zinakusanya mioyo. Watu wakaanza kujipapasa kifuani, wengine wakatoa. Beseni lilipofika kwangu nikaweka mkono kifuani.

"Huu hamuupati," nikasema. "Nguvu zinawatosha."

Fulana ya kushoto ikaandika mahali fulani hewani kuwa mama huyu hana ushirikiano.

"Sasa ukate utepe," nikauambia Udhuru. "Umekula, umehutubia. Wifi yangu yuko pale, unamwona kwa macho, ama huna macho. Kata utepe tulaze mbao."

Udhuru ukanigeukia bila hasira yoyote. "Mama, udhuru haukati utepe. Udhuru unasogeza tarehe."

Ukaenda nyuma ya maturubai, ambako tarehe ya uzinduzi ilikuwa imewekwa. Ilikuwa kitu kizito, kinafanana na jiwe la kusagia. Udhuru ukavua koti, ukaegemeza bega, ukaisukuma tarehe ile ikapanda kilima, ikavuka, ikashuka upande wa pili ambako hatukuiona tena. Watu wakapiga makofi tena. Huko kilimani tarehe ilikuwa inazidi kuviringika, tunaisikia.

"Shangazi," ikasema ile sauti ndogo kutoka ng'ambo. Safari hii ilikuwa chini zaidi. "Basi naona nilale. Nasikia usingizi."

"Usilale," nikasema.

"Usingizi wenyewe si mbaya."

"Usilale, mwanangu. Usithubutu."

Mwajabu alikuwa ameinamia tumbo lake, ameweka sikio, kama mtu anayesikiliza mlango wa nyumba ambamo hodi haijibiwi. Moyo ule niliokataa kuuweka kwenye beseni ulinigonga mpaka masikioni. Niliogopa. Na nilipoona nimeogopa katikati ya watu waliokaa kwenye viti vya kukodi, wanakunywa soda, hasira zikanipanda ambazo sijawahi kuzijua. Niliwachukia wote pale, na mimi mwenyewe nikiwemo, maana utepe ule nilipita mbele yake kila siku nikaupisha kama vile ni mkubwa wangu.

Bwana Mahimbo alikuwa ameshika kipaza sauti. "Kwa niaba ya jamii, na kwa heshima kubwa, tunaukabidhi Udhuru zawadi ya asili ya kijiji chetu, ukaitundike ukutani sebuleni kwa mgeni rasmi."

Akatoa baragumu. Wamelifunga utepe wa buluu, uliokatwa kwenye bunda lile lile la daraja. Baragumu likanitazama. Halikusema neno, na hilo ndilo lililonimaliza, maana lilikuwa limezoea kusema mbele ya nzige na moto.

"Hilo halitoki hapa," nikasema.

"Mama Hoza, ni zawadi."

"Ni la nyumbani kwangu. Lilete nilipulize."

Minong'ono ikapita vitini. Bwana Mahimbo akacheka kidogo, kile kicheko chake cha upole. "Mama, hata wewe unajua. Mwanamke hapulizi baragumu."

"Na Udhuru ni mwanamume?"

Watu wote wakaugeukia Udhuru. "Sijawahi kuulizwa," ukasema.

"Isitoshe," fulana ya kati ikaingilia, "mama huyu hana nguvu. Nguvu zake ziko ghalani, zina jina na mshono."

"Nguvu mlipima," nikasema. "Pumzi hamkuipima."

Fulana zikatazamana. Ya kulia ikakiri kwa sauti ndogo kwamba pumzi haikuwamo kwenye mwongozo.

Nikalichukua baragumu kutoka mikononi mwa Bwana Mahimbo. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani, na lina joto la meko.

"Unajua desturi," likaninong'oneza. "Ukinipuliza utapika."

"Nitapika."

"Makande ya watu wote?"

"Ya watu wote. Na mto ukitaka, nao nitaupakulia."

"Ufa wangu uko upande wa kushoto. Uzibe na kidole."

Naziba ufa kwa kidole. Naweka mdomo. Napuliza yale yote niliyotaka kumwambia Bwana Mahimbo jana nikayameza kwa sababu ya heshima. Napuliza "mambo yana utaratibu." Napuliza kiti cha plastiki cha uchungu na kuku aliyechuchumaa. Sauti ikatoka nene na mbaya, sauti ya nyumbani kabisa, ikagonga kilima ikarudi.

Ghalani mishono ikapasuka. Tukasikia magunia yanapasuka moja baada ya jingine, halafu nguvu zikaja mbio kuteremka mteremko, zinasukumana kama mbuzi waliofunguliwa zizi, kila moja inamjua mwenyewe. Zangu zikaniingia kwa nyuma zikanigonga mpaka nikapiga hatua. Mabega yakarudi. Fulana ikachanika ubavuni ikasema "samahani" ikaanguka. Mzee Hiza alisimama na kiti chake cha plastiki bado kimemng'ang'ania nyuma, akaanza kutafuta nyundo. Uchungu ukashusha mguu, ukainuka. Yai likadondoka.

Sikungoja kuona Udhuru umekwenda wapi. Nikafika kwenye mbao, nikakutana uso kwa uso na utepe.

"Mama," utepe ukasema, "mimi sikuomba kazi hii. Nilitengenezwa nifunge maua ya bibi harusi."

"Nikukate?"

"Nimechoka kuheshimiwa. Kata. Kama huna mkasi, tumia meno."

Nikapiga magoti, magoti yale yaliyotangazwa redioni, nikaweka meno kwenye utepe, nikang'ata.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshatoka, limeingia mpaka chini ya kitanda. Nilikuwa nimechelewa kuamka, jambo ambalo si langu, na taya zilikuwa zinauma. Redio iko kwenye rafu yake, imezimwa. Nikakaa kitandani nikiwa bado na hasira, na hasira ya ndotoni haina wa kumpelekea.

"Hodi, wifi."

Sauti ilitoka mlangoni. Nikatoka mbio, kanga nimeishika mkononi. Mwajabu amesimama ameegemea mwimo wa mlango, mkono mmoja kiunoni, jasho linamtoka. Kwanza nilimtazama uso. Kisha nikamtazama miguu. Kandambili zake zilikuwa kavu. Upindo wa kanga yake ulikuwa mkavu.

"Wifi, umepita wapi?"

"Darajani."

"Daraja gani?"

"Wifi, uchungu ni wangu, kuchanganyikiwa ni kwako? Si umepuliza baragumu alfajiri? Kijiji kizima kimetoka na majembe. Mzee Hiza akasema la mgambo likilia lina jambo, na jambo lenyewe kila mtu analijua. Akapiga utepe panga. Mimi nimevuka mbao za mwisho bado wanazigongelea, wakanishikia mkono huku na huku. Bwana Mahimbo naye kaja na kamera, wamempa nyundo."

"Mimi nilikuwa nimelala."

"Umelala na mdomo huo?"

Nikapitisha kiganja mdomoni. Kikatoka cheusi. Nikakitazama, nikageuka kutazama juu ya meko. Baragumu lipo kwenye msumari wake, limetundikwa kinyume, mdomo juu, na mahali pa kuwekea midomo pamefutika masizi, panang'aa.

Nikamshika Mwajabu mkono, tukaanza kwenda zahanati. Hatukuwa tumemaliza ua akasimama, akashika tumbo, akavuta pumzi, halafu akaweka kiganja changu cheusi ubavuni mwake.

"Msikie huyu," akasema. "Jana kutwa alinyamaza, wifi. Sikukwambia, ningekwambiaje, na wewe uko huku. Alinyamaza mpaka nikalala nalia. Baragumu lilipolia tu, akaruka."

Alikuwa anapiga teke, na si teke la mtu mwenye usingizi. Nilisimama nimeushika ubavu ule mpaka Mwajabu akanivuta twende.

"Na wifi," akasema tulipofika barabarani, "watu wamekaa pale darajani. Wanauliza makande yataiva saa ngapi."

Nikamwambia mtoto wa jirani akimbie ndani kwangu, atoe sufuria kubwa kuliko zote, ayamwagie maji yale maharage yaliyoko kwenye ungo. Yalikuwa yamechambuliwa yote.